Redio Kaseti Isiyo na Mota

Ipo siku moja ya usichana wangu, mwanangu, ambayo mpaka leo nikifumba macho naiona, na baridi yake naisikia kwenye vidole vya miguu. Tulikuwa tukiishi juu milimani, mahali paitwapo Amani, ambako baba alikuwa kibarua wa mashamba ya chai. Mvua ya huko haina adabu. Ikishaanza husahau kuacha. Siku hiyo moto wa jikoni ulizimika, kuni zote zilikuwa mbichi, na bibi yangu mzaa mama akaniambia, "Naomi, nenda kwa Mama Hoza ukaombe kaa la moto."

Sikutaka kwenda. Mama Hoza alikuwa mjane, akikaa peke yake chini ya mteremko. Watoto wake wote walishashuka kwenda kutafuta maisha mabondeni. Juzijuzi tu tulikuwa tumemwomba chumvi, na kabla ya hapo ungo. Nami nilikuwa katika umri ule msichana anapoanza kujitazama kwenye kioo cha dirisha la watu. Niliona haya kuonekana kila siku nimenyoosha mkono. Basi nikazunguka nyuma ya nyumba, nikajibanza chini ya upenu na vijiti vyangu vibichi, nikihangaika kuwasha moto wangu mwenyewe kutoka kwenye jivu la jana. Nilirudi ndani na macho mekundu, mikono mitupu. Bibi aliponiuliza, nikamwambia wazi kwamba nimechoka kuwa mtu wa kuomba.

Bibi hakufoka. Alifungua fundo la kanga yake, akatoa kiberiti kikavu kabisa, akawasha moto.

"Kumbe kiberiti unacho!" nikasema.

"Ninacho," akanijibu. "Sikukutuma moto. Nilikutuma ili yule mama asikie mguu wa mtu kizingitini kwake. Na mvua hii, nani amepita kwake? Wewe unaona haya ya kuomba, na mwenzako anakaa na njaa ya kuombwa."

Sikumwelewa. Msichana mwenye njaa anaelewa kwamba uji umechelewa, basi. Lakini maneno ya wazee ni kama mbegu yenye ganda gumu, hayaoti kwa haraka ya mpanzi.

Sasa nikupeleke mbele, maana mzee akianza kusimulia ya utoto, usipomshika mkono atalala huko huko.

Niliolewa na Zakaria, fundi wa reli, tukahamia Tanga mjini, tukajenga Nguvumali. Nilishona sare za shule kwa cherehani ya miguu, tukalea watoto watano, Neema akiwa wa kwanza, na wa ndugu zetu wakapita humo humo. Nyumba yetu haikujua kunyamaza. Huyu analia, yule anaimba, mwingine amefungia mwenziwe chooni. Nilikuwa nikisimama katikati ya sebule, nguo ya mtu begani, nikisema, "Mungu wangu, lini nitapata kimya?" Mwanangu, chunga sana unachokiomba ukiwa umechoka.

Kimya kilikuja. Watoto walioa na kuolewa, wakatawanyika, huyu Mwanza, huyu Mbeya, huyu Dar es Salaam. Zakaria akatangulia. Watoto wananipigia simu, siwasingizii. Wananitumia mchele na dawa za presha, na mdogo hawezi kulala bila kuniuliza nimekula nini. Lakini simu ikishakatwa, nyumba inakuwa kimya kuliko ilivyokuwa kabla haijalia. Nilifika mahali nikawa naliacha bomba la uani lidondoke ndani ya ndoo ili mradi kuwe na kitu kinachosema.

Nilikuwa na kaseti moja. Siku Zakaria alipoleta redio kaseti nyumbani, ile ya kubeba kwa mshikio wake, hakuwa na la kurekodi. Basi akabonyeza vitufe aijaribu, akaiweka juu ya kabati wakati sisi tunakula chakula cha mchana. Ikarekodi nyumba. Sahani, vijiko, watoto wakigombania ukoko, mimi nikifoka, mvua juu ya bati, na yeye mwenyewe akikohoa kisha akicheka. Tuliisikiliza siku ile, tukacheka, tukaiweka kando. Nani angedhani kelele nayo ni akiba?

Nilipoitafuta ile redio niliikuta jikoni juu ya rafu, imefunikwa gunia. Krismasi moja ya nyuma wajukuu walikuwa wameifungua, wakachomoa mota yake wakatengenezea feni ya kuchezea. Kifuniko cha betri hakikuwepo. Mpira unaozungusha mashine, ule mafundi wanaouita belti, ulikuwa umeyeyuka ukawa kama lami. Na kile kigurudumu kidogo cha mpira kinachoubana utepe ili utembee, nacho hakikuwepo. Nilibaki na boksi lenye mshikio.

Niliifunga kwenye kanga nikaipeleka kwa vijana wanaotengeneza simu. Walinipokea vizuri, wakanipa kiti. Mmoja akaigeuzageuza akaniambia, "Bibi, hii haitengenezeki. Vipuri vyake havipo tena duniani. Nunua spika ya flashi, tutakuwekea nyimbo zote za kwaya unazozitaka." Nikamshukuru, nikarudi nyumbani. Si nyimbo nilizokuwa nikitafuta, lakini ningemwelezaje mtoto wa watu kwamba nataka kusikia sahani?

Nilikaa na ile redio mapajani siku kadhaa. Halafu alasiri moja, bila sababu, yakanijia maneno ya bibi yangu na kiberiti chake. Nikajitazama. Miaka yote hiyo mjini, ni nani niliyewahi kumwomba kitu? Nilikuwa nimejivunia kutokuwa na deni la shukrani kwa mtu. Nilikuwa na chumvi yangu, ungo wangu, moto wangu. Na mlango wangu ulikuwa haubishwi.

Nikatoka, nikavuka barabara hadi kwa Mama Zuhura anayekaanga mihogo. Miaka na miaka nilikuwa namwambia neno moja tu, "Nifungie." Siku hiyo nikamwambia, "Mama Zuhura, nina shida." Mwanangu, ungemwona! Aliacha kijiko ndani ya karai, akapangusa mikono, akanivutia kigoda kana kwamba alikuwa akiningoja. Nikamweleza.

"Mbona yuko Fundi Bakari, Ngamiani?" akasema. "Huyo ndiye alikuwa daktari wa redio za mji huu. Sijui kama angali anafanya kazi, lakini yu hai. Nenda ukaulizie, mtaa mzima wanamjua."

Kweli, aulizaye hapotei. Niliikuta nyumba, ya zamani, ya baraza pana na mlango uliochongwa ambao rangi yake imekwisha. Nikabisha hodi. Kimya. Nikabisha tena.

"Karibu, mlango huo haufungwi," sauti ikajibu kutoka ndani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Nani mwenzangu? Nitajie jina, macho yangu siku hizi yamekuwa mavivu."

Alikuwa mzee mrefu, amekonda, kofia yake ya mkono safi kabisa, macho yameingia ukungu. Nikamwambia jina langu na ninakotoka. Akaipokea redio, akaipapasa pande zote polepole, kama mtu anayempima mtoto homa. Akatia kidole ndani.

"Mota hamna," akasema. "Belti hamna. Kigurudumu hamna. Bibie, umeniletea jina la redio." Kisha akainua mkono wake wa kulia mbele yangu. Ulikuwa ukitetemeka. "Na hata ingekuwa nzima. Bisibisi nikiishika mimi inachora hewa. Nenda, usije ukapoteza siku yako."

Nikaikusanya kanga yangu. Nilikuwa nimeshafika kizingitini pale ulimi wangu uliposema kabla yangu: "Na mikono ikipatikana?"

"Mikono ya nani?"

"Yangu. Nimekuwa nikitunga uzi kwenye sindano maisha yangu yote."

Akageuza uso upande wangu. Halafu akacheka, kicheko cha mtu ambaye hajacheka siku nyingi, kikaishia kwenye kikohozi. "Njoo kesho, baada ya adhuhuri," akasema. "Na uje na miwani yako."

Ndivyo nilivyokuwa mwanafunzi wa ufundi uzeeni. Tulikaa barazani, mlango wazi, mtaa mzima ukituona, maana yeye alikuwa mtu wa staha na mimi mjane wa watu. Yeye aliongea, mimi nilitenda. Alinifundisha kuikwangua ile lami kwa pamba na spiriti, kutia tone la mafuta ya cherehani pale na si hapa, kusafisha kile kichwa kinachosoma utepe bila kukikwaruza. Nilipokaza skrubu kwa nguvu aliisikia kwa masikio tu. "Usilazimishe!" alikuwa akisema. "Kitu kikikataa kina sababu yake. Kiulize kwanza."

Mitaa nayo ina midomo. Jumapili moja Mama Ester, mwenzangu wa kwaya, akanivuta pembeni nje ya kanisa. "Mama Neema, watu wanasema unashinda kwa mzee wa Kiislamu huko Ngamiani."

"Waambie najifunza ufundi wa redio."

"Kwa umri huo?"

"Kwa umri huu ndiyo nina nafasi," nikamjibu. Akacheka, na mimi nikacheka, yakaisha.

Tulipokuwa tukifanya kazi tulizungumza, kidogo kidogo, kama watu wanaogawana ndizi moja. Alimzika mkewe miaka mingi nyuma, hakuoa tena. Mwanawe mmoja, Shabani, alikuwa Dar es Salaam. Siku moja aliniambia jambo ambalo sijalisahau. Alisema, "Bi Naomi, mimi niliitwa fundi toka sijaota ndevu. Asubuhi, jioni, fundi, fundi, mpaka nachukia. Halafu watu wakaanza kununua vipya. Siwalaumu. Lakini jina lililozoea kuitwa likikaa bila kutumiwa, mwenyewe unaanza kujiuliza kama bado ni lako." Nilimwuliza bisibisi ndogo iko wapi, nikaanza na neno "fundi."

Belti tuliipata kwake, katika kopo la maziwa lililojaa mabaki ya redio za marehemu wa mji mzima. Nyingi zilikuwa zimekauka. Alizivuta karibu na sikio moja moja mpaka akapata iliyokuwa na uhai. Mota ndiyo iliyotushinda.

"Itabidi upate redio nyingine iliyokufa," akaniambia. "Ipo nyumbani kwa mtu. Watu hawatupi hivi vitu, wanaviweka tu. Kaombe."

"Nikaombe nyumba kwa nyumba?"

"Mficha uchi hazai, bibie."

Basi nikaenda, mwanangu, mimi ambaye sikuwahi kuomba hata kiberiti. Nilianza mtaani kwangu Nguvumali. Nyumba moja walidhani nanunua chuma chakavu, wakaniletea sufuria lililotoboka. Nyingine walinicheka, si kwa ubaya. Mwishowe nikabisha kwa Bi Mwanahamisi, nyumba ya mtaa wa nyuma yangu. Tulikuwa tumepishana njiani miaka yote hiyo tukiinamishiana vichwa tu, kila mmoja akidhani mwenzake anajisikia. Redio kaseti yake ilikuwa chini, imeegemezwa mlangoni usipigwe na upepo.

"Ilikuwa ya marehemu mume wangu," akasema. "Kuitengeneza siwezi, kuitupa siwezi. Ichukue."

"Nikupe nini, dada yangu?"

Akanitazama. "Ukae kidogo. Nipike chai."

Nilikaribia kumwambia nina haraka. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni nikajiuliza, haraka ya kwenda wapi? Nikakaa. Chai ilikuwa ya tangawizi, kali, na tulikunywa mpaka kivuli cha nyumba kikafika barabarani. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Siku ile sikujua ni nani kati yetu alikuwa mgeni na nani mwenyeji.

Mota ile iliingia mahali pake kwa tabu, maana ilikuwa ya mashine ya kabila lingine. Fundi Bakari alinielekeza kushika pasi ya kuchomelea, risasi ya kuungia waya ikayeyuka, waya ukashika. Tukatia betri, tukazizuia kwa kipande cha boksi. Nilipobonyeza kitufe, mashine ikazunguka, bila kaseti, inanguruma kwa mbali. Mzee akainamisha sikio mpaka likagusa. Uso wake siwezi kukueleza. "Inapumua," akasema, na akarudia, "inapumua." Kikabaki kigurudumu tu, maana cha redio ya Bi Mwanahamisi kilikuwa kimepasuka mpira wake. "Tutakipatia dawa wiki ijayo," akaniambia.

Wiki hiyo nilipokwenda, jamvi la barazani lilikuwa limekunjwa. Gari dogo lilisimama mlangoni, na kijana wa makamo alikuwa akipakia begi.

"Shikamoo, mama," akaniamkia kwa adabu.

"Marahaba, mwanangu. Kuna usalama?"

"Mzee alianguka uani, kwenye ngazi za choo. Hakuvunjika, tunamshukuru Mungu. Nimekuja kumchukua. Hapa hana mtu."

Nilitaka kusema. Maneno yalikuwa mawili tu: ana mimi. Lakini mimi ni nani? Si ndugu, si wa dini yake, si jirani hata wa mtaa. Nikayameza. Shabani si mtoto mbaya, nakuomba usimchukie. Alifanya ambalo mtoto mwema hufanya. Aliniandikia hata namba ya simu ya baba yake kwenye kipande cha karatasi, akanishukuru kwa kumchangamsha mzee.

Fundi Bakari alikuwa ameketi kiti cha nyuma, kanzu mpya, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyealikwa shughuli asiyoijua. Aliposikia sauti yangu akageuka.

"Kigurudumu?"

"Bado, fundi."

"Kiini chake kizima, mpira ndio umekufa. Tafuta mpira mwembamba ukivalishe. Usilegee."

Hatukuagana. Mafundi hawaagani kazi ikiwa haijaisha. Gari likakata kona, nami nikabaki nimesimama mbele ya mlango ambao, kwa mara ya kwanza, ulikuwa umefungwa kwa kufuli.

Nikuambie ukweli, upweke wa baada ya hapo ulizidi ule wa mwanzo. Aliyezoea giza huenda akipapasa wala hajikwai. Aliyewashiwa taa kisha ikazimwa ndiye anayejikwaa. Niliisukuma redio chini ya kitanda. Namba ya simu niliificha ndani ya Biblia na sikuipiga. Nilijiambia, nimsumbue mzee wa watu kwa nini, ana familia yake sasa. Unaona jinsi haya inavyojua kuvaa nguo za heshima?

Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Asubuhi moja nilikuwa nikitoka sokoni, nikapita kwa fundi baiskeli wa kona, nikamwona anavalisha valvu kimpira chake, kile chembamba kama utumbo wa kuku. Nikasimama pale na kikapu changu mpaka akaniuliza, "Bibi, vipi, una baiskeli?"

"Sina. Naomba kipande cha mpira huo."

"Chukua, bibi. Hata mita ukitaka."

Nilikivalisha kiini cha kigurudumu, nikakivuta, nikakikata kwa mkasi wangu wa kushonea. Kilikaa kama kilizaliwa hapo. Nikafunga kila skrubu bila kulazimisha. Nikatia kaseti. Kidole kikawa juu ya kitufe, na hapo nikashindwa. Niligundua kwamba sitaki kuisikia nyumba iliyojaa watu nikiwa nimekaa peke yangu katika nyumba tupu. Nikaitoa ile karatasi ndani ya Biblia.

Simu ililia sana kabla haijapokelewa.

"Nani mwenzangu?"

"Naomi. Wa Tanga."

"Fundi Naomi," akasema.

Nikamwuliza hali. "Niko ghorofani," akanijibu. "Mlango wa chuma. Mwanangu na mkewe wako kazini, watoto shule. Nakula vizuri, nalala vizuri. Wananitunza kama yai. Na yai, bibie, halisemeshwi."

Nikamwambia, "Sikiliza." Nikaiweka simu kando ya spika, nikabonyeza.

Mwanangu, zilitoka sauti za ndege! Vijisauti vyembamba, vya haraka, kama vifaranga vinavyogombana. Nikadhani utepe umeharibika na kazi yote imekwenda bure. Kutoka kwenye simu nikamsikia anaita, "Bi Naomi! Bi Naomi! Usihangaike. Kasi iko juu, mota ile haikuumbwa kwa redio hiyo. Nyuma yake kuna kitundu. Tia bisibisi ndogo, geuza taratibu kushoto. Taratibu. Mimi nasikiliza."

Nikageuza. Sauti zikaanza kushuka, kidogo, kidogo tena, vifaranga vikawa watoto, na mara nikamsikia Neema wangu, Neema wa meno yaliyong'oka, akisema ukoko ni wake, ameapa. Kisha mvua kwenye bati. Kisha Zakaria akakohoa.

"Hapo," akasema fundi. "Usiguse tena."

Sikugusa. Tulisikiliza. Nililia bila sauti, si kwa huzuni tu. Kuna kilio ambacho hakina jina. Wakati fulani akauliza, "Nani huyo anayefoka hivyo?"

"Mimi."

"Ulikuwa mkali."

"Nilikuwa nimechoka, fundi."

"Sisi kwetu mke wangu alikuwa akifoka hivyo hivyo," akasema. "Akigombana na kuku."

Kaseti ikafika mwisho, kitufe kikaruka juu chenyewe. Nyumba ikanyamaza. Simu nayo ikanyamaza, nikadhani amekwenda.

"Fundi, upo?"

"Nipo." Halafu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akasema, "Bi Naomi, usikate."

"Sikati," nikamwambia.

Tukakaa hivyo. Yeye alisikia kengele ya baiskeli ikipita nje kwangu Nguvumali. Mimi nilisikia feni ikizunguka huko ghorofani kwake. Salio lilipokwisha likatukata lenyewe, na hata hivyo niliendelea kuishika simu sikioni.

Sitakudanganya kwamba redio imeniponya. Yeye yuko kule, mimi niko huku, na alasiri nyingine hakuna anayepiga wala anayebisha. Upweke wa uzee ni mgeni asiyeaga. Ila siku hizi Bi Mwanahamisi anakuja, nami nakwenda, na Mama Zuhura hanifungii mihogo kabla hajaniuliza nimeamkaje.

Basi nisikilize, mwanangu, haya ndiyo niliyokuitia. Ukipungukiwa, usijifungie na upungufu wako ukauita heshima. Nenda kaombe. Huenda unachokiomba hakipo, lakini huyo uliyembishia alikuwa akingoja mtu amhitaji. Na mzee akikuletea kitu kibovu, awe bibi yako au bibi wa mtu usiyemjua, kabla hujamwambia hakitengenezeki, muulize kwanza anataka kusikia nini. Kifaa kinaweza kukushinda, hakuna lawama. Swali hilo haliwezi kukushinda. Na ukimchukua mzazi wako kwenda kukaa naye, Mungu akuzidishie, lakini usimpe chakula na kitanda ukadhani umemaliza. Mpe pia kazi ndogo. Mwite kwa jina lake la kazi. Mwombe kitu, hata kama unacho.

Nenda sasa, jua lisikuwahi. Mungu akujaalie milango ya kubisha, na akupe watu watakaofungua kwa furaha. Akupe mikono iliyo tayari pale wenzako watakapotetemeka. Na siku utakapobaki peke yako, maana itafika, usikose sauti moja upande wa pili ya kukwambia: nipo.